Je, mihuri ya mitungi ya Rhodes yatosha kutaja umri wa mji?

Swali
Ndugu wasomi, habari zenu. Nimesoma kwamba umri wa miji ya zama zilizofuata kifo cha Aleksanda Mkuu, mwaka 323 KK, hukadiriwa kwa mihuri iliyogongwa kwenye vishikio vya mitungi ya mvinyo. Kigae chenye jina la mtu tusiyemjua kinatupaje mwaka?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, jina hilo lina kazi kubwa. Mtungi wa Rhodes, kisiwa cha Wagiriki, ulikuwa na vishikio viwili, na kila kimoja kiligongwa muhuri udongo ukiwa bado mbichi: mmoja ulimtaja mwenye karakana, na wa pili ulimtaja kuhani wa Helios, mungu wa jua, aliyeshika wadhifa wake kwa mwaka mmoja tu. Mara nyingi na mwezi uliandikwa, kwa mfano Panamos. Kwa hiyo kila kuhani ni mwaka wake. Ugumu uko katika kuwapanga makuhani kwa mfuatano, kazi ambayo mwanaakiolojia Virginia Grace aliifanya kwa miongo mingi huko Athens, na ambayo mwenzake wa fani hiyo, Gérald Finkielsztejn, aliirekebisha mwaka 2001.

Jibu la pili
Naongezea kuwa mfuatano huo lazima ufungwe kwenye matukio yenye tarehe. Koroni, kambi ya muda ya majeshi ya Ptolemaios II, mfalme wa Misri, huko Attika, eneo linalouzunguka mji wa Athens, katika miaka ya 260 KK, ni mfano mzuri mno, kwani sarafu zake ziliwalazimu wataalamu kukiri kwamba vyombo walivyovidhania vya kale zaidi vilikuwa bado vikitumika wakati huo.

Jibu la tatu
Nakubaliana nanyi, ila tusisahau kwamba muhuri hutaja mwaka wa mtungi, wala si mwaka wa nyumba. Kishikio kilichochotwa pamoja na kifusi cha kujazia msingi huthibitisha tu kwamba jengo halikutangulia mwaka huo. Kukosekana kwa mihuri nako kusiharakishwe kuitwa kuhamwa kwa mji. Yerusalemu imetoa mamia ya vishikio vya Rhodes, navyo hupungua sana baada ya katikati ya karne ya 2 KK, ilhali mji wenyewe uliendelea kukaliwa na hata kupanuka chini ya Wahasmonea, ukoo wa watawala wa Kiyahudi. Wapo wanaosema walioondoka ni askari wa kigeni waliokuwa wakinywa mvinyo huo, na wapo wanaosema wenyeji waliacha kuununua kwa sababu za dini. Kwangu hoja ya askari ina nguvu zaidi, maana vishikio vingi vilipatikana katika kilima cha kusini-mashariki, ambako wengi hudhani ndiko ilikokuwa ngome ya askari hao.