Shemeji anasema uhai ulianza kwa mtetemo wa maji. Nimjibu nini?

Mwana wa Ngamiani
Habari za humu jamani. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi redio mzuri, hilo simnyimi. Ila tangu aanze kutazama video za "fizikia iliyofichwa" nyumba haikaliki. Anasema maji yana kumbukumbu, uhai ulianza siku bahari ilipopata mtetemo fulani, na wakubwa wa sayansi wanajua ila wanaficha. Ameshanunua kifaa cha laki mbili na nusu: unakiweka karibu na jagi, kinavuma, maji "yanapata uhai", na mbegu zikilowekwa humo ati zinaota haraka. Sasa anataka nichangie tununue kikubwa cha bustani.

Juzi kwenye kahawa aliniambia: "Hao hao walisema samaki silikanti aliisha enzi za dinosaria. Nani kamvua? Si wavuvi wetu wa hapa Tanga?" Baraza zima likacheka, mimi kimya. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Msaka Siri
Shemeji wako kaona mbali. Kanuni ya pili ya themodinamiki, sayansi ya joto na nishati, inasema vitu huelekea kwenye vurugu. Sasa kiumbe hai kilijipangaje bila nguvu ambayo hamtaki kuitaja? Subiri uone watakavyokwepa.

Mzee wa Chumvi
Hakuna wa kukwepa. Vurugu haipungui katika mfumo uliofungwa, usioingiza wala kutoa kitu. Dunia inapokea jua mchana kutwa na kutupa joto angani. Njoo kwenye mabwawa ya chumvi: maji ya bahari yanaingia hayana umbo, jua linachoma, zinabaki chembe zenye pembe za mraba, na hakuna aliyezipanga. Sisemi chumvi ina uhai. Nasema kanuni yako haikatazi mpangilio.

Mama wa Maabara
Mwanangu, mimi ni mstaafu. Nilikuwa mtunza maabara shule za sekondari, kazi yangu kuosha mirija na kuwaandalia walimu, kwa hiyo nitasema ya mikononi.

Anza na silikanti, maana hapo ndipo alipokufunga mdomo. Ni kweli walidhani ametoweka tangu miaka milioni 66 hivi iliyopita. Lakini wa kwanza hakutoka Tanga. Alinaswa na meli ya uvuvi Afrika Kusini mwaka 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, mji wa huko huko Afrika Kusini, akamwona kwenye lundo la samaki na kumwandikia mtaalamu J.L.B. Smith. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Kwetu walianza kunaswa kwa wingi kuanzia 2003, kwenye majarife ya papa yanayotegwa kilindini, na mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sasa muulize shemeji, ni nani aliyeficha? Wanasayansi wale wale ndio waliomtangaza, kwa sababu samaki alikuwa mezani, ananuka, magamba yanahesabika.

Hayo maji yenye kumbukumbu nayo yalishawekwa mezani. Mwaka 1988 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Mfaransa Jacques Benveniste, aliyedai kingamwili, yaani protini ya mwili ya kupambana na maradhi, kikizimuliwa hadi yabaki maji matupu bado kinagusa chembe nyeupe za damu. (Piga hesabu: zimua moja kwa mia mara 12, na hata ukianza na moli nzima, kipimo cha wakemia chenye molekuli nyingi mno, usitarajie kubaki na molekuli moja.) Walimchapisha kwa sharti kwamba wakaguzi waende kuona. Akaenda mhariri wa jarida John Maddox, na mtafiti Walter Stewart, na James Randi ambaye kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Mimi hapo hucheka, ila nani ajuaye zaidi namna macho yanavyodanganywa? Mirija ikapewa namba za siri, ufunguo wake ukafungwa kwenye bahasha, bahasha ikabandikwa darini. Wahesabuji walipokuwa hawajui mrija upi una nini, ile nguvu haikuonekana tena.

Kuhusu chanzo cha uhai, bado hakijulikani chote, na mkubalie hilo bila kusitasita. Mwaka 1953 Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, haidrojeni na mvuke, akapata asidi amino, vijenzi vya protini. Wenzake wakaja kumkosoa kwamba huenda hewa ya kale haikuwa hivyo. Sampuli zake zilizobaki zilipimwa upya, na mwaka 2008 wakatangaza asidi amino 22 katika moja ya majaribio yake. Kutoka hapo hadi kiumbe hai bado ni safari ndefu mno. Shemeji anataka kuimaliza kwa laki mbili na nusu.

Usibishane naye tena. Mpimeni na choroko. Vikopo kumi vya maji ya kifaa, kumi vya kawaida, choroko idadi moja kila kikopo. Dada yako avipe namba, akae na karatasi, wengine wote msijue.

Msaka Siri
Mama, nishati hizi hazifanyi kazi mbele ya watu wenye shaka.

Mama wa Maabara
Basi ahesabu shemeji mwenyewe. Imani anayo ya kutosha.

Mwana wa Ngamiani
Shikamoo mama. Amekubali, tena kwa mbwembwe. Ila anasema kwenye kifaa aweke maji ya kisima, yale ya kawaida yawe ya bomba.

Mama wa Maabara
Marahaba. Hapana, ya bomba yana klorini. Ndoo moja, mgawanye kabla hajawasha kifaa. Na choroko zitoke mfuko mmoja, dada yako ndiye azihesabu.