Majirani wa Isevya: lori la Mama Zuhura linasaga

Mama Zuhura 06:14
Mmeamkaje majirani. Fundi Kasimu upo? Lori linasaga likiwashwa. Krrrr, halafu kimya. Masanja akirudia mara mbili tatu linawaka kama halina neno. Na mbolea ya Urambo imeshapakiwa.

Baba Neema 06:16
Betri hizo mama. Zipelekwe chaji.

Fundi Kasimu 06:19
Betri ikiwa chini stata, ile mota ya kuwashia injini, hulia ta-ta-ta-ta na taa za dashibodi zinafifia. Kusaga ni chuma kwa chuma. Masanja acha kupiga stata kwanza, kila krrr moja inakula meno ya gia. Mlio ukitoka, injini inazunguka au imekaa?

Masanja 06:21
Imekaa fundi. Ikishika ndiyo inazunguka, tena kwa nguvu.

Fundi Kasimu 06:23
Sawa. Ingekuwa wiiii laini bila kusaga ningesema bendeksi, ile gia ndogo ya stata, inateleza. Chukua mita, pima betri zote mbili kwa pamoja zikiwa zimetulia, halafu piga mara moja, pima ikizungusha.

Masanja 06:35
Volti 25.2 zimetulia. Ikizungusha 21.

Fundi Kasimu 06:36
Nzima hizo, kila moja 12.6. Ningeanza kuwa na wasiwasi ingeshuka chini ya 19. Baba Neema betri zako ziko salama 😄

Baba Neema 06:37
Basi igongwe nyundo kidogo.

Fundi Kasimu 06:38
Nyundo ni ya kaboni, zile za kupitisha umeme ndani ya stata, zikikwama. Hapo ungesikia "tak" moja, basi.

Babu Mrisho 06:41
Bolti za stata mmezigusa? Zikilegea stata inakaa upande, meno yanagongana vichwa badala ya kuingiliana.

Masanja 06:46
Shikamoo babu. Nimezitia spana, zimekaza zote.

Babu Mrisho 06:48
Marahaba. Basi ni ringi ya flaiwili, lile duara la meno nyuma ya injini linalozungushwa na bendeksi. Weka gia frii, jiwe kwenye tairi, toa terminali ya negativu asije mtu akawasha mkono wako uko ndani. Tia spana kwenye nati ya puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zungusha robo mzunguko, upande ule ule injini inakozungukia. Rudisha terminali, piga mara moja.

Masanja 07:02
Imewaka papo hapo!!

Mama Zuhura 07:02
Alhamdulillah. Kwa hiyo limepona?

Babu Mrisho 07:05
Halijapona mwanangu. Injini ya silinda 4 ikizimwa haisimami popote inapotaka, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unaisimamisha karibu sehemu mbili zile zile, zinazotazamana. Kwa hiyo stata inauma meno yale yale miaka yote. Hapo yameisha, kwingine ni mapya. Ya silinda 6 huliwa sehemu tatu.

Fundi Kasimu 07:08
Na huliwa haraka zaidi dereva akipiga tena kabla injini haijatulia, au akishikilia swichi wakati imeshawaka. Masanja sikutaji 👀

Masanja 07:09
🙏

Fundi Kasimu 07:11
Nakuja kushusha stata. Negativu nje kabla ya kugusa waya mnene. Bendeksi nitaizungusha kwa mkono: upande mmoja iteleze, upande wa pili ikamate. Flaiwili tunatia alama ya chaki, tunaizungusha mzunguko mzima tukitazama kila jino kwa tochi.

Masanja 08:20
[picha] Meno kama 8 yamebaki vijiti, upande wa pili kama 6. Na bendeksi ncha zimechongoka.

Fundi Kasimu 08:24
Vyote viwili vinabadilishwa. Ringi mpya na bendeksi kuukuu mtarudi hapa hapa. Kuifikia ringi, gia boksi inashuka, kwa hiyo pleti ya klachi na sili ya kuzuia oili nyuma ya krenki zitazamwe hapo hapo, msije mkalipa kazi ya kushusha mara mbili.

Mama Zuhura 08:26
Ringi si inageuzwa tu upande wa pili? Nimesikia hivyo.

Babu Mrisho 08:31
Meno yamechongwa upande bendeksi inakoingilia. Ukigeuza, inakutana na kona kavu, inasaga tena. Afadhali mpya. Ipashwe moto sawasawa kuzunguka hadi iwe na rangi ya asali nyepesi, idondoshwe kwenye flaiwili, ipoe yenyewe. Ikifika bluu mmepitiliza, ikiwa nyekundu itupeni, ugumu umeshatoka. Na msiimwagie maji!

Mama Zuhura 08:33
Basi mbolea naihamishia lori jingine. Neema mwanangu, mwambie baba yako ile jeki ya tani 10 arudishe leo.