Ushauri wakuu: testi ileile, watoto walewale, alama tofauti kabisa. Nitumie zipi?

Chaki Nyeupe:
Wakuu habari za jioni. Mimi mwalimu wa Baiolojia shule moja ya kata, kidato cha pili nina watoto 62. Mkuu wa shule anataka majina ya watakaosoma sayansi kidato cha tatu na kigezo ni testi yangu, mwenye 45 kwenda juu anaingia, wa chini anaenda sanaa. Sasa nimetoa testi mara mbili, maswali 20 ya alama tano tano, yaleyale. Ya kwanza wamevuka 19, ya pili wamevuka 41. Toka juzi usingizi sipati. Nitumie alama zipi?

mama_wawili:
Pole mwalimu. Tumia za juu. Mwanangu alinyimwa sayansi kwa alama mbili tu, alipata 43, sasa hivi yuko dukani kwangu na mpaka leo vipindi vya mambo ya hospitali havimpiti. Mtoto mpe nafasi.

Mzee wa Kijiweni:
Chukua wastani wa zote mbili, kazi kwisha. Halafu walimu wa siku hizi mmezidi kulalamika, ualimu ni wito.

Zero ya 2012:
Wastani gani mzee, mimi ndo wale wa form four ya 2012. Februari 2013 matokeo yanatoka nina division zero, baba hakuniongelesha wiki nzima. Miezi michache baadaye serikali ikafuta ikapanga upya, nikawa na division four. Karatasi ileile niliyoandika kwa mkono wangu, sikuongeza hata nukta! Tangu siku hiyo nikiona alama nauliza kwanza imepatikanaje.

Fundi Mizani:
Mwalimu, kati ya testi ya kwanza na ya pili kilibadilika nini? Watoto hawatoki 19 mpaka 41 kwa kulala na kuamka.

Chaki Nyeupe:
Hakuna kikubwa mkuu. Ya pili niliiandika kwa Kiswahili nikawaruhusu wajibu kwa Kiswahili, basi. Na nina sababu. Kuna mtoto kwenye ya kwanza, swali la jinsi mmea unavyotengeneza chakula, kaandika "leaf is kitchen, sun is fire". Kwa mwongozo wa kusahihisha hiyo ni sifuri, nikampa sifuri. Usiku nikaitoa tena ile karatasi nikaiangalia. Huyu mtoto anajua! Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, Kiingereza kimemkalia mlangoni. Ndo maana naona za pili ndo za kweli, wote 58 walifanya kwa raha.

Mzee wa Kijiweni:
Na mtihani wa taifa utawaandikia Kiswahili? Unawadekeza, watakuja kulia form four.

Fundi Mizani:
Mzee ana hoja ila hajibu swali. Mwalimu kauliza nani anaijua Baiolojia. Mizani ya kununulia korosho ikila kilo mbili kila mara, ni thabiti, utapima asubuhi na jioni jibu lilelile, lakini bado inamwibia mkulima. Testi ya Kiingereza inaweza kuwa hivyohivyo, inampima mtoto Kiingereza halafu sisi tunaandika Baiolojia juu ya karatasi. Kupima kile unachosema unapima, huo ndo uhalali wa kipimo, na ni kitu kingine na uthabiti. Sasa niambie, kabla ya testi ya pili uliwarudishia makaratasi?

Chaki Nyeupe:
Niliwarudishia. Tukasahihisha wote ubaoni. Siku sita baadaye ndo nikatoa ya pili. Na niseme ukweli, orodha ya wale 41 nimeshaipeleka kwa mwalimu wa taaluma Ijumaa. Lakini mngekuwa nyie mngefanyaje, niwaache watoto wapotee?

Fundi Mizani:
Hapo ndo penyewe. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, lugha na majibu waliyoyaona ubaoni. Hizo 41 huwezi kujua ngapi ni Kiswahili na ngapi ni kukariri. Halafu kwa alama tano tano, 40 na 45 zimeachana swali moja tu, mtoto akibahatisha moja maisha yake yamegeuka. Na kabla ya yote kasahihishe na mwenzako, majina yafunikwe. Marekani mwaka 1912 watafiti Starch na Elliott walisambaza nakala za karatasi moja ya Kiingereza mashuleni, walimu 142 wakaisahihisha, mmoja akatoa 64 mwingine 98. Karatasi moja!

Mpenda Ushahidi:
Hii chai jamani. Mwanzo watoto 62, huku chini "wote 58". Wanne wameyeyuka? Mtu katunga ili tubishane kuhusu lugha ya kufundishia.

mama_wawili:
Hata mimi nimeshtuka, mwalimu tujibu.

Chaki Nyeupe:
Sijatunga. Siku ya testi ya pili ilikuwa mnada, wanne hawakuja. Nikawaacha nje ya orodha kwa kuwa hawana alama ya pili. Sikuandika kwa sababu nilijua mtauliza. Yule wa jani ni jiko ni mmoja wao, huwa anamsaidia bibi yake kuuza.

Mpenda Ushahidi:
Basi samahani mwalimu. Ila huyo mtoto ndo umemtolea mfano halafu ndo umemwacha nje.

Fundi Mizani:
Orodha irudi kwanza. Tunga maswali mapya, mada zilezile, yawe 40, seti mbili. Darasa ligawe nusu kwa kura. Nusu waanze seti ya kwanza kwa Kiswahili halafu ya pili kwa Kiingereza, nusu nyingine waanze ya kwanza kwa Kiingereza, ya pili kwa Kiswahili. Katikati usirudishe karatasi hata moja. Na isiwe siku ya mnada.

Chaki Nyeupe:
Nimempigia mwalimu wa taaluma sasa hivi. Kakasirika lakini hajabandika, kanipa mpaka Jumatatu ijayo. Naanza kuandika maswali usiku huu. Nani atanisomea kuona kama la Kiswahili na la Kiingereza yanauliza kitu kimoja?

mama_wawili:
Lete. Baiolojia siijui ila Kiswahili nitakusomea, na mwanangu yuko hapa anasema hata la Kiingereza atasoma yeye.