Fimbo za gofu: seti mpya ya kuanzia au za mtumba zenye jina? Na mavazi ya joto hili la Dar

Mgeni_wa_Gofu
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Kwa muda sasa nimekuwa nikicheza gofu ya ridhaa kwa fimbo za kuazima, lakini rafiki aliyekuwa akiniazima anahamia Dodoma, hivyo sina budi kununua zangu kabla ya mwisho wa mwezi. Nina njia mbili mbele yangu: seti mpya ya Wilson inayouzwa kamili pamoja na mfuko wake, au fimbo za chuma za PING zilizotumika, kuanzia namba 4, anazouza bwana mmoja wa Mikocheni bila draiva (fimbo ya mkwaju mrefu wa kuanzia) wala fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Bei zinakaribiana. Naomba pia ushauri wa mavazi, maana fulana zangu zote za kola ni za pamba na nikifika shimo la sita huwa zimeshalowa na kunishika mgongoni. Ninyi mngechukua ipi?

Kedi_Mstaafu
Ndugu yangu, umetutajia kampuni lakini hukututajia mchezaji. Una urefu gani, umri gani, handikapu yako (kipimo cha kiwango cha mchezaji) ni ngapi, shafti, yaani mipini, za hizo PING ni za chuma au za grafiti, na umetenga kiasi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli. Nimebeba mifuko ya watu wengi, na nimewaona wazee wakijiumiza viwiko kwa shafti ngumu walizonunua kwa sababu tu ya jina lililoandikwa juu yake.

Hesabu_Kwanza
Chukua seti mpya. Kanuni ya fimbo zisizozidi 14, ambayo Marekani iliianza mwaka 1938 na R&A, chombo cha sheria za gofu cha Uingereza, ikaifuata 1939, inaweka ukomo wa juu tu; hakuna anayekulazimisha kujaza mfuko. Anayeanza anatosheka na draiva, haibridi (fimbo rahisi kupiga inayoshika nafasi ya chuma ndefu), fimbo chache za chuma, weji (fimbo ya mikwaju mifupi ya juu) ya mchangani na fimbo ya kusukumia. Hiyo chuma namba 4 unayoifurahia itakuwa pambo, kwa sababu ni ngumu kuipiga hata kwa waliobobea, na ndiyo maana wengi wameweka haibridi mahali pake. Ukishanunua PING utaanza tena kutafuta draiva, mfuko na fimbo ya kusukumia, na hapo bei haitakaribiana tena.

Babu_wa_Upanga
Vijana mnapenda vitu vinavyotoka kwenye boksi. Karsten Solheim, aliyeianzisha PING, alikuwa mhandisi wa General Electric aliyechoshwa na fimbo yake mwenyewe ya kusukumia, akatengeneza ya kwake mwaka 1959. Kampuni yake ndiyo iliyoeneza fimbo za chuma zenye uwazi nyuma, ambazo uzito wake umesogezwa pembezoni ili hata usipopiga katikati, kichwa kisipinduke sana. Mchezaji asiye na uhakika wa mkwaju anahitaji msamaha wa namba hiyo kuliko mfuko mpya. Chuma kizuri hakizeeki. Badilisha mishiko tu, maana kwa unyevu na jasho letu ndiyo inayokufa kwanza.

Binti_Kinondoni
Shikamoo, Babu. Nakubali kuhusu chuma, lakini naomba niseme yaliyonipata kwa mtumba, ili mwenzetu asiende Mikocheni akiwa amefumba macho. Nilimpata muuzaji mtandaoni, tukakutana kwenye kituo cha mafuta jioni, akanipa draiva ya jina kubwa ikiwa bado imevikwa nailoni kichwani. Bei ilikuwa ya kunitia shaka, ila alieleza kwa unyenyekevu kwamba kaka yake ameiacha aliposafiri, nikaridhika. Siku ya kwanza uwanja wa mazoezi nilisikia kitu kikicheza ndani ya kichwa kila nilipoitikisa. Nikapiga mipira kadhaa, kisha kwenye mkwaju mmoja nikabaki na shafti mkononi huku kichwa kikiruka mbele zaidi ya mpira wenyewe. Bahati hapakuwa na mtu mbele yangu. Kedi mmoja alikiokota, akanionyesha ile pete nyeusi ya plastiki shingoni: ilikuwa imekaa upande, gundi imekauka kama chengachenga, na herufi za jina zilikuwa za rangi tupu ambayo ukucha uliweza kuikwangua. Muuzaji hakupokea simu tena. Nendeni na sumaku. Kichwa cha draiva cha titani halisi hakishikwi na sumaku.

Fundi_Shafti
Pole sana, dada. Sumaku inasaidia kwa draiva ya titani, mradi uiweke kwenye uso na si penye skrubu za uzito. Kwa fimbo za chuma haitasaidia, kwani za kweli na za bandia zote zinaweza kuishika. Kwa PING kagua namba iliyochongwa shingoni na uilinganishe katika kila fimbo, halafu tazama nukta ya rangi: nyeusi ndiyo pembe ya kawaida, na rangi nyingine humaanisha kichwa kimelazwa au kimesimamishwa zaidi kumfuata mwenyewe. Ukinunua nukta ya mtu mrefu ilhali wewe ni mfupi, mipira itakupotea upande ule ule kila siku na utalaumu mkono wako. Kitu kingine, msiache fimbo kwenye buti la gari juani, kwa kuwa joto hulegeza gundi hata ya fimbo halali.

Bi_Msasani
Mbona mavazi yamesahauliwa? Pamba hunywa jasho na kulibakiza, na katika miezi ya kaskazi haikauki hadi unamaliza. Tafuta fulana za kola za poliesta nyepesi yenye vitundu, ambazo Karume zinapatikana kwa bei ya huruma ukiwahi wakati wa kufungua mabelo. Kagua kwapani na kwenye kola kabla ya kulipa. Angalizo moja: mtumba huja na kofia na kaptura za mabakamabaka. Usizinunue, na hasa usizivae Lugalo, ambao ni uwanja wa Jeshi. Sheria inakataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za JWTZ, na mwaka 2023 Jeshi lilitutaka tuyasalimishe.

Babu_wa_Upanga
Na kaptura zenyewe, hata zisizo na mabaka, ziacheni ufukweni. Gofu ni suruali.

Hesabu_Kwanza
Babu, PGA Tour yenyewe, ile ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, iliruhusu kaptura mwaka 2019.

Babu_wa_Upanga
Kwa mazoezi na siku ya kucheza na wageni waalikwa tu. Kwenye mashindano wachezaji wake bado wanavaa suruali. Soma hadi mwisho, mjukuu wangu.

Mgeni_wa_Gofu
Nawashukuru nyote. Nimetenga milioni moja na laki mbili, nina umri wa miaka 38, urefu wa sentimita 171, handikapu bado sina, na shafti za zile PING ni za chuma. Vilevile mimi ni wa mkono wa kushoto. Fimbo za rafiki yangu ni za kulia, nami nilikuwa najilazimisha. Je, hilo lina uzito?

Kedi_Mstaafu
Lina uzito kuliko yote uliyoandika hapo juu! Fimbo za kulia na za kushoto hazibadilishani. Muulize muuzaji leo.

Fundi_Shafti
Si lazima ahame. Bingwa wa Marekani Phil Mickelson hutumia mkono wa kulia katika mambo yake yote ila gofu, ambayo huicheza kwa kushoto. Kama mkwaju wa kulia umeshamkaa, abaki nao, kwa sababu atapata fimbo nyingi zaidi za kuchagua.

Hesabu_Kwanza
Sikubaliani. Bob Charles wa New Zealand alishinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1963 akipiga kwa kushoto. Anayeanza asijengewe ukuta kwa sababu ya uhaba wa mtumba.

Kedi_Mstaafu
Kabla hamjamaliza kubishana, aazime chuma namba 7 ya kushoto uwanja wa mazoezi, apige upande mmoja kisha mwingine, ndipo atoe hela. Na akihamia kushoto, glovu itavaliwa mkono wa kulia.

Binti_Kinondoni
Hizo glovu za mkono wa kulia mnazipata wapi hapa mjini? Mdogo wangu naye ni wa kushoto na kila tunakoulizia tunaambiwa turudi wiki ijayo.