Kutoka ushauri nasaha hadi uuguzi wa magonjwa ya akili

Mshauri wa Kisauni: Assalamu alaykum. Nina shahada ya saikolojia na ninatoa ushauri nasaha kwa waraibu hapa Mombasa. Mteja huja mikono ikimtetemeka, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nami siruhusiwi kumwandikia hata kidonge. Huishia kumpa barua ya rufaa ambayo pengine haifiki popote. Nasikia Marekani yuko muuguzi bingwa wa magonjwa ya akili anayepima, anayeandika dawa na anayetoa tiba ya mazungumzo pia. Je, shahada yangu itanipunguzia safari ya kufika huko?

Muuguzi Changamwe: Wa alaykum salaam, dada. Hapa Kenya haitakupunguzia sana. Ni lazima uwe muuguzi kwanza, ufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi na upate leseni, ndipo uende kwenye stashahada ya juu ya uuguzi wa magonjwa ya akili au shahada ya uzamili. Chuo hakitaanza na shahada yako, bali na cheti chako cha KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, hasa alama ya baiolojia.

Wengi huona kupitia kwanza wodi za kawaida kama kupotezewa wakati, nami sikubaliani nao. Mzee akiletwa anaweweseka na kuwaona watu wasiokuwepo, jamaa zake husema amepagawa, mshauri huwaza ugonjwa wa akili, kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyompanda. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, hupimwa damu, figo na tezi ya shingo kila baada ya muda, na anayetumia klozapini, nayo ni dawa ya akili, huangaliwa chembe nyeupe za damu. Hayo hayajifunzwi kwenye kiti cha ushauri.

Mpwani Ughaibuni: Huku Marekani ipo njia ya waliosoma fani nyingine. Vyuo kadhaa, Yale na Vanderbilt vikiwemo, humpokea mwenye shahada isiyo ya uuguzi, humfundisha uuguzi wa msingi, naye hufanya mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, kabla ya kuendelea na uzamili wa uuguzi wa magonjwa ya akili. Wengine huchukua kwanza shahada ya uuguzi ya kasi, ya miezi 12 hadi 18. Mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi huchukua mamia ya saa, kisha hufuata mtihani wa ubingwa. Hata baada ya hapo, kuna majimbo yanayomtaka muuguzi huyo awe na mkataba na daktari. Karo nayo ni kubwa mno, na bila viza yote haya ni maneno matupu.

Mzee wa Tudor: Binti yangu, wenzangu wamejibu vyema, lakini umetaja dawa zaidi kuliko ulivyotaja uuguzi. Kusafisha vidonda na kukesha zamu ya usiku kukikuchosha, itazame stashahada ya maafisa wa kliniki, wanaotibu na kuandika dawa bila kuwa madaktari, ambao nao wana mafunzo ya juu ya afya ya akili. Na kama unapenda mazungumzo zaidi, uzamili wa saikolojia tiba unakufaa, ingawa hautakupa kalamu ya dawa. Kabla ya kulipa karo popote, omba ruhusa ukae siku chache katika kitengo cha akili cha Port Reitz uwaangalie wauguzi wakiwa kazini.