Vitonge vya protini vya matunda bila oveni: poda ya kopo, maziwa ya unga au soya?

MamaPacha_Ubungo
Habarini za jioni wadau wa jikoni. Nina mapacha wa kidato cha kwanza na mume aliyeanza kukimbia kila Jumamosi. Wakirudi nyumbani wote watatu wanafungua friji na kusimama mbele yake kama wanaidai. Zile biskuti za protini za supamaketi zimenishinda bei, nimeamua kutengeneza vitonge mwenyewe: unachanganya, unafinyanga, unaweka kwenye friji, basi. Oveni sina, na hata ningekuwa nayo, luku isingeniruhusu.

Mwezi huu nimejaribu mara tatu. Msingi haubadiliki: karanga za kukaanga gramu 200 zilizosagwa mpaka zikatoa mafuta, oti za uji gramu 100, tende zilizotolewa kokwa gramu 150, na vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto. Ninachobadilisha ni kiongeza protini na tunda.

Mara ya kwanza: poda ya protini ya kopo gramu 60, na embe dodo limeiva vizuri, nikalisaga. Ikawa uji. Nikaongeza oti, nikaongeza tena, mwisho ladha ya embe ikapotea, na siku ya tatu vilikuwa vinanukia kama togwa lililokaa.

Mara ya pili: maziwa ya unga gramu 100 na nanasi la kusaga. Jioni ile vitamu mno, mume alikula vitano amesimama. Asubuhi vichungu! Uchungu wa kweli, na vimelegea kama vimelia usiku kucha.

Mara ya tatu: unga wa soya gramu 100 na zabibu kavu. Hivi vilishikana vizuri kuliko vyote, ila vina ladha ya maharage mabichi, na pacha mmoja tumbo lilimsumbua mpaka usiku.

Wenye uzoefu, nishike lipi kati ya hayo matatu? Na tunda niliingizeje?

Kocha_Mwanza
Dada, poda. Haina mjadala. Kama lengo ni protini weka protini, hayo mengine ni kashata. Kosa lako ni embe bichi.

MamaPacha_Ubungo
Kocha, embe lilikuwa limeiva.

Kocha_Mwanza
Namaanisha halijakaushwa. Embe ni maji matupu, sasa umemwaga maji kwenye unga unategemea nini.

BintiMakunduchi
Shoga yangu, hilo la nanasi nalijua, lilinitia aibu mbele ya wakwe. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata protini. Ndiyo maana ukila sana ulimi unawasha. Papai bichi nalo lina ndugu yake, ndiyo tunapakia nyama ya mishikaki ilainike. Sasa wewe umekichukua kitu hicho ukakilaza na maziwa ya unga usiku mzima. Kimefanya kazi yake: protini ya maziwa imekatika, na vipande vyake ndivyo vichungu. Hata ukitia nanasi bichi kwenye maziwa ya kawaida ukasahau kwenye friji, asubuhi utaonja uchungu huo huo.

Dawa yake moto. Kimeng'enya hicho hakivumilii kuchemka. Mimi nalikuna nanasi kwenye kikunio cha karoti, natia sufuriani na maji yake yote bila kufunika, moto mdogo. Mwanzo litachemka kwa fujo na kurukaruka, usiondoke. Likianza kutulia na rangi kuiva kuelekea dhahabu, pitisha mwiko katikati: ukiona sakafu ya sufuria na rojo halirudi kufunika njia, epua. Hapo natia hiliki mbili za kusaga. Nanasi zima linaishia kikombe cha chai kisichojaa, lakini kijiko kimoja chake kina ladha kuliko bakuli la nanasi la kusaga. Acha lipoe kabisa kabla ya kuchanganya, likiwa la moto litalegeza karanga zilizosagwa na vitonge havitashika.

Hesabu_Kwanza
Nimeona neno "haina mjadala" nikatoa kalamu.

Kwa gramu 100: karanga zina protini gramu 25 hivi, oti 13, tende 2 hadi 3, maziwa ya unga yenye mafuta yake 26, soya 36. Poda ya kopo nyingi huwa 75 hadi 80, soma lebo ya kopo lako, nami nachukua 75. Msingi wa mleta mada bila kiongeza chochote tayari una gramu 66. Wengi hawalioni hilo: mzigo mkubwa unabebwa na karanga.

Ukitia maziwa ya unga gramu 100, jumla inakuwa 92. Ukitia soya gramu 100, 102. Ukitia poda gramu 60, 111. Sasa finyanga vitonge vya gramu 25, tunda tuliache kando. Cha maziwa kinatoka na karibu gramu 4 za protini, cha soya 4 na kidogo, cha poda 5.

Yaani poda inakuongezea gramu moja kwa kitonge. Yai moja lina gramu 6 hivi. Na kwa bei ya kopo la kilo moja hapa Dar, karanga unapata zaidi ya kilo 10. Kocha, karibu.

Kocha_Mwanza
Gramu moja mara vitonge sita ni gramu sita, ambalo ni hilo yai lako.

Hesabu_Kwanza
Basi ale vitonge vitano na yai.

Kocha_Mwanza
😂 Sawa mkuu, umenipata. Lakini nisimame kidogo upande wangu: poda ina faida kwa anayetaka protini bila mafuta mengi, maana karanga karibu nusu yake ni mafuta. Mwenye kupunguza mwili ataona tofauti. Kwa watoto wa kidato cha kwanza wanaokua, kweli sioni haja. Poda ikorogwe kwenye maji baada ya mazoezi, vitonge vibaki chakula. Na kwenye vitonge poda ina tabia mbaya ambayo sikuitaja: inanyonya maji polepole. Jioni laini, kesho yake unatafuna mpira.

MtotoWaLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Hebu nicheke kwanza: njugu (ndizo karanga zenu), kitu tamu, finyanga, usioke. Nyanyangu aliziita kashata na hakuhitaji kopo la mtu yeyote.

Haya, soya. Mama Pacha, huo unga ulikuwa umekaangwa? Soya mbichi si ya kuliwa hivyo. Ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviondoa. Kwenye uji haina neno kwa sababu uji unachemka. Kwenye vitonge hakuna moto wowote, kwa hivyo unga unaingia mbichi na kuliwa mbichi. Tumbo la kijana lilikuwa na haki yake. Ukiwa huna hakika, nunua soya nzima, ioshe, ichemshe kama dakika 20, ianike ikauke, kaanga mpaka iwe kahawia na inukie kama njugu, ndipo upeleke kinuni au mashineni. Ile harufu ya maharage itapungua sana. Unga wowote wa nafaka vilevile usiutie mbichi.

La pili ni njugu zenyewe. Chambua kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la ukungu, tupa yote, usimwonee huruma hata moja. Sumukuvu haitoki kwa kukaanga, na ukishasaga huwezi tena kuona ulichosaga. Huko kwenu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Siagi ya njugu ya kupimiwa kwenye ndoo sokoni mimi sinunui, hata muuzaji awe binamu.

MamaPacha_Ubungo
Mtoto wa Likoni, unga niliununua mashineni na sikuuliza kama umekaangwa. Nimepata jibu langu. Kijana amesoma hapa, ananidai fidia.

Singida_Kavu
Mnahangaika kukausha matunda wakati Mungu ametuumbia tunda linalojikausha lenyewe mtini. Ubuyu!

Siuzungumzii ule wa rangi nyekundu uliopikwa kwa sukari, ambao ndugu zangu wa Zanzibar watanipiga nikiusema vibaya. Naongelea unga mweupe unaotoka kwenye kibuyu, unapondwa, unachekechwa, kokwa zinabaki juu ya chekeche. Ni mkavu kabisa, mchachu, una vitamini C ya kutosha. Tatizo la mleta mada tangu mwanzo ni maji: embe lina maji, nanasi lina maji. Ubuyu hauleti hata tone, na ukikutana na tende unakunywa unyevu wake. Kitonge kinabaki na uchachu wa tunda bila kulegea.

Ila usipitilize. Mimi kwa msingi kama huo natia gramu 30 tu. Niliwahi kutia 60 nikidhani nitapata ladha zaidi, vitonge vikawa vinabomoka mkononi kama tofali la udongo lililokosa maji, na meno yanakauka ukitafuna. Protini ndani yake ni kidogo mno, usiuhesabu huko, kazi yake ni ladha na kukausha.

BintiMakunduchi
Hatukupigi, ila chunga mdomo. Wazo zuri lakini. Ubuyu ndani na rojo la nanasi kijiko kimoja, nitajaribu.

Seif_Maskati
Asalaam aleikum. Nawasoma kutoka Muscat, bibi yangu alizaliwa Unguja. Naona hakuna aliyegusa tende, na tende ndiyo gundi yenyewe.

Gramu 150 za tende si kitu kimoja. Tende laini za aina ya Khalas zina asali yake ndani, ukizikanda kwa kiganja zinakuwa donge bila tone la maji. Aina ya Fardh ni ngumu zaidi, inataka kulainishwa kidogo. Zile za boksi zinazouzwa huko nyumbani wakati wa Ramadhani, nyingi nilizoona zimekauka, ndiyo maana unalazimika kutia maji. Usitie maji. Weka tende kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika dakika tano, mvuke unatosha. Kisha ponda kwenye kinu, blenda itakwama na utaunguza mota. Hivyo vijiko viwili vya maji ya moto ukiviondoa, vitonge vyako vitadumu zaidi, hata kabla hujagusa tunda.

Sisi huku tunaviringisha kwenye ufuta uliokaangwa. Havigandi mkononi na vinapendeza.

Hesabu_Kwanza
Na ufuta una protini gramu 18 kwa 100. Nashindwa kujizuia.

mpishi_bachela
Nina swali la kijinga. Badala ya tende naweza kutumia asali?

BintiMakunduchi
Unaweza, ila asali ni majimaji, punguza na ongeza oti. Na kwa mtoto chini ya mwaka mmoja asali usimpe kabisa. Wala hivi vitonge asipewe, vinakaba.

MamaPacha_Ubungo
Nimerudi, Jumapili usiku. Nimefanya awamu mbili jana asubuhi, zote kwa maziwa ya unga gramu 100, tende za kuwekwa mvukeni, maji sifuri. Bakuli la kwanza ubuyu gramu 30. La pili ubuyu 20 na rojo la nanasi vijiko viwili, nimelipika kama Binti alivyosema, na ni kweli linaruka, nina alama kwenye mkono.

La ubuyu tupu lilikuwa gumu kukanda mwanzoni, nikadhani nimeharibu. Nikaliacha dakika kumi, mafuta ya karanga yakapanda, likakubali. Limetoa vitonge 23, viwili vililiwa kabla sijamaliza kuhesabu. Vya nanasi ni laini zaidi, nimeviringisha kwenye ufuta.

Leo jioni nimeonja vyote tena nikitafuta ule uchungu. Haupo. Vya nanasi mume amevitangaza vyake. Mapacha wamechagua ubuyu, na pacha aliyeumwa tumbo anaomba abebe vinne shuleni kesho, kimoja cha kwake na vitatu "vya kubadilishana". Sijauliza anabadilishana na nini.

Soya nitairudia nikipata nafasi ya kuikaanga mwenyewe. Kopo la poda limebaki robo tatu. Kocha, kama uko na mtu Dar anayelihitaji, nitamwachia kwa nusu bei.

Kocha_Mwanza
Nakuja inbox.