Stonehenge, Newgrange au Chichén Itzá: ukipata nafasi moja tu, uende wapi?

Mfuatajua:
Habari zenu wanajamvi. Nataka kwenda kuona mahali pa ibada pa watu wa kale palipojengwa kwa kufuata mwendo wa jua. Nafasi ni ya sehemu moja tu, na nimebakiwa na tatu: Stonehenge (Uingereza), Newgrange (Ayalandi) na Chichén Itzá (Meksiko). Picha si shida yangu. Nataka kusimama waliposimama wenyewe. Mliofika, nisaidieni.

Kijiwe_Kimya:
Mkuu, kwa sharti hilo Chichén Itzá inaanza kupungukiwa. El Castillo, ile piramidi yake kubwa, haipandwi tangu 2006, utaizunguka chini kama kila mtu. Hesabu yake ni tamu kweli: pande nne, kila upande ngazi 91, ukiongeza jukwaa la juu unapata 365. Ila Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, kivuli chenye umbo la nyoka huteremka ngazi za kaskazini, na uwanja hufurika. Na wataalamu bado wanabishana kama wajenzi walikikusudia.

Binti_Ramani:
Sikubaliani. Watu huganda kwenye piramidi, kisima wakakisahau! Fuata barabara ya kale kuelekea kaskazini, kama mita 300, utakuta shimo la maji lenye upana wa mita 60 hivi. Humo Wamaya, wenyeji waliopajenga, walitumbukiza sadaka: dhahabu, jade, ubani, na binadamu pia. Mchunguzi Mmarekani Edward Thompson alianza kukichimbua mwaka 1904, na vitu vingi vikaishia makumbusho ya Peabody kule Marekani. Ukisimama ukingoni pale, umesimama waliposimama wao. Kivuli nacho huonekana siku kadhaa kabla na baada, kwa hiyo siku ya umati unaweza kuikwepa.

Mzee_wa_Mawe:
Stonehenge, lile duara la mawe makubwa, kwa tiketi ya kawaida unapita kwenye njia ya pembeni, mawe unayatazama kwa mbali. Kuingia katikati kuna namna mbili: uombe nafasi maalumu kabla ya kufunguliwa au baada ya kufungwa, au uende siku za jua lenyewe (ile ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote), ambapo kiingilio ni bure na watu ni maelfu.

Wengi hukimbilia macheo ya Juni. Mimi ningekwenda Desemba. Mstari ule ule unaolenga macheo ya siku ndefu kuliko zote, ukigeuka nyuma unalenga machweo ya siku fupi kuliko zote. Na pale Durrington Walls, makazi ya kale jirani tu, mifupa ya nguruwe imeonyesha kwamba karamu kubwa zilifanyika majira ya baridi. Baridi yenyewe, jiandae!

Nuru_ya_Desemba:
Newgrange, wala usijiulize mara mbili. Ni kaburi la kale ndani ya kilima cha mawe na udongo, lilijengwa takriban 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Juu ya mlango kuna tundu. Alfajiri za karibu na Desemba 21 jua hupenya humo, likatambaa kwenye ujia wa mita 19 na kuangaza chumba cha ndani kwa dakika 17 hivi. Profesa O'Kelly, mwanaakiolojia aliyepachimbua, alilishuhudia mwaka 1967. Kuwamo ndani siku hizo ni kwa bahati nasibu, lakini siku nyingine yoyote wanakuingiza, wanazima taa na kuwasha moja ya kuigiza ule mwale. Nilidhani ni kiini macho cha watalii. Nywele zilinisimama.

Kijiwe_Kimya:
Naunga mkono, ila ule ukuta mweupe wa mbele usikudanganye. Ulijengwa upya miaka ya 1970 na wapo wanaoupinga.

Mto_na_Mchanga:
Abu Simbel, lile hekalu la Misri, mbona mmeiacha? Februari 22 na Oktoba 22 jua huingia mpaka kwenye sanamu za ndani, na ya mungu Ptah peke yake hubaki gizani.

Mzee_wa_Mawe:
Nzuri sana, lakini ilihamishwa miaka ya 1960 kukwepa maji ya bwawa. Yeye anataka waliposimama wenyewe.

Mfuatajua:
Naelekea Newgrange. Ujia ni mwembamba kiasi gani? Mimi na vyumba finyu hatuelewani.

Nuru_ya_Desemba:
Kuna sehemu utainama na kupita ubavuubavu. Chumbani unasimama wima bila shida, dari liko juu. Kata tiketi mapema, na hakikisha imeandikwa kuwa inajumuisha chumba cha ndani, maana zipo zinazoishia nje.